Picha Yenye Mzizi

Wifi yangu Penina ana tabia moja inayoniudhi: hawezi kupita mbele ya mmea bila kuinama. Twende msibani, twende sokoni, twende kanisani tumechelewa, akiona kijani fulani kando ya mtaro atachuchumaa na kuanza kugeuza majani yake mojamoja. Mimi nauza miche kando ya barabara pale Ihumwa, naishi kwa mimea, na bado sijawahi kuuchuchumalia mmea nisioujua. Nilishamwambia kaka yangu Elisha kwamba ameoa mbuzi mpole, anayetazama majani badala ya kuyala.

Kazi ya Penina ni kuchora mimea. Si maua ya kwenye kadi za harusi. Anachora mmea kama ulivyo, kwa penseli aliyoichonga ikachongoka na rangi za maji, na jani likiwa limetobolewa na mdudu analichora na tundu lake. Kwao ni Bahi. Alianza akiwa msichana, bwana shamba alipomwomba achore magugu ya kwenye majaruba ili wakulima wasiyachanganye na mpunga mchanga. Mchoro ulibandikwa ofisi ya kijiji, na wenyeji wa Bahi wanaapa kwamba mbuzi aliulamba. Tangu hapo akawa anaitwa huku na kule, mara mabango ya kilimo, mara vitabu vya shule, hadi akaolewa na Elisha, fundi umeme, wakajenga Nzuguni. Nyumba yao haijapigwa rangi hadi leo, lakini ndani kuna karatasi nene nyeupe ambayo hakuna anayeruhusiwa kuigusa akiwa amekula ugali.

Kwetu sisi ni Mizengele, kijiji kilichoko mbele ya Ihumwa, na kwetu kuna mtemi. Serikali ilifuta utemi kabla mimi sijazaliwa, lakini kiti kilibaki kwenye ukoo, na kichaka kikabaki na kiti. Kichaka chenyewe si kikubwa. Mtu akisimama upande mmoja akaita, wa upande wa pili anamsikia. Ila hakijawahi kukatwa fito, kwa hiyo kimejaa mimea ambayo kwingine kote imeliwa na ng'ombe au kugeuka mkaa. Watemi wa zamani walihesabiwa kwa mifugo. Mtemi wetu huyu, Mzee Gerson Ndahani, alipenda bustani. Alikuwa bwana afya hadi alipostaafu, mtu mkali ambaye alikuwa akiingia kwako bila hodi kukagua choo, na aliporithi kiti ule ukali akauhamishia kwenye mimea. Alitoa shamba lake la karibu na zahanati akalifanya bustani ya mimea ya asili, akawa anakuja kwangu kununua miche na kuigomba kana kwamba imemkosea adabu.

Ndiye aliyemwita Penina. Alikuwa amepita shule ya msingi akawauliza watoto wataje miti mitano, wakamtajia mwembe, mwarobaini, na kisha mwembe tena. Alirudi nyumbani amefura. Akaamua mimea kumi na miwili ya kichaka ichorwe, picha zitundikwe kwenye ukumbi wa kijiji, na bustani ifunguliwe siku hiyohiyo mbele ya watu wote.

"Chora utakavyo, mkwe wangu, ingia utakavyo," alimwambia, nami nikiwepo. "Mtu akikuuliza, mwambie umetumwa na kiti. Lakini usichimbe. Kichaka hakichimbwi, na mwezi huu ndiyo kabisa."

Alikuwa na sababu. Kwetu jembe likigusa udongo wa kichaka kabla ya mvua ya kwanza, mvua inafungwa. Unaweza kucheka, na wapo waliosoma wanaocheka, lakini huwa wanachekea mjini. Zamani kidogo kuna bwana mmoja aling'oa kisiki mle ndani kwa ajili ya kuni, na mwaka ule uwele ulikauka ukiwa umefika magotini. Hakupigwa wala hakufukuzwa. Watu waliacha tu kumsalimia. Alihamia Nzuguni, akafia huko, na hadi leo wanawe wakipita sokoni utasikia mtu akinong'ona, wale ni wana wa mfunga mvua. Mmoja wao ni mchungaji, tena mchungaji mzuri, na bado wanamwita hivyo.

Picha kumi na moja zilikwenda vizuri. Ya kumi na mbili ilikuwa ya lile ua tunaloliita ua la mvua, jekundu, la mviringo, lenye nyuzi nyingi kama brashi ya kuoshea chupa. Linachomoza peke yake kwenye ardhi kavu, bila jani, mvua ikiwa mlangoni. Penina alilichora likiwa limesimama, akamwonyesha Brighton, kijana wa chuoni aliyekuwa akimsaidia kuandika majina ya kitaalamu chini ya kila picha. Brighton hakuwa mtu mbaya. Alisema tu kwamba mmea ule uhai wake uko chini, kwenye kitunguu chake, na picha isiyo na kitunguu kitaalamu ni nusu ya mmea.

Angejua alichokuwa anakiwasha asingesema. Penina unaweza kumwambia ni mbaya, mvivu, hajui kupika mlenda, atacheka. Usimwambie kazi yake ni nusu.

Alisubiri siku ambayo Mzee Ernest, anayelinda kichaka, amekwenda kuzika huko Bahi. Akaingia na kijiko. Kijiko cha kulia, nasema, alichokitoa kabatini kwake. Aliniambia baadaye, macho makavu kabisa, kwamba kilichokatazwa ni jembe, na kijiko si jembe. Mtu aliyesoma hadi akajua majina ya mimea kwa Kilatini alisimama mbele ya mwiko wa watu akaanza kubishana nao kuhusu vyombo! Alichimbua kitunguu taratibu, akakilaza juu ya khanga, akakichora palepale na mizizi yake yote, kisha akakirudisha kwenye shimo lake, akafukia, akamwagia maji ya chupa aliyokuwa anakunywa. Hakukitoa nje ya kichaka hata hatua moja. Hilo nalo alilishika kama wakili.

Aliniambia mimi peke yangu, pale kwenye miche yangu, akiwa amefurahi. Alikuwa na picha kwenye bahasha kubwa, akaitoa nusu. Mungu anisamehe, ilikuwa nzuri. Kitunguu kilikuwa na ngozi nyembamba inayobanduka, na mizizi minene myeupe iliyoshikilia bado chembe za udongo wetu mwekundu. Nikaona na udongo wenyewe, nikaujua.

"Wifi," nikamwambia, "mvua ikichelewa mwaka huu, hii picha itakuua."

"Mvua hainyeshi kwa kuangalia vijiko," akanijibu.

Mvua ikachelewa.

Mwanzoni hakuna aliyejali, kwa sababu kwetu mvua haijawahi kuwahi. Halafu mawingu yakaanza kuja mchana, meusi, yanakaa juu ya Mizengele watu wakitazama, kisha yanasogea kwenda kunyesha kwingine. Waliopanda mapema kwenye vumbi, mama yangu akiwemo, waliona mbegu zikichimbuliwa na kware. Akawa ananipigia simu kila asubuhi kuniuliza kama Ihumwa kumenyesha, na kila asubuhi namwambia bado. Siku moja hakuuliza habari ya Ihumwa. Aliniambia wazee wamekaa, na Mzee Ernest anasema kuna mtu ameingiza mkono kwenye udongo wa kichaka. Ameona mahali palipotifuliwa.

Nilimfuata Penina Nzuguni jioni ileile. Nilimkuta amekaa sebuleni hajawasha taa, picha ya kumi na mbili iko mezani. Kumbe simu ilikuwa imemfikia kabla yangu. Elisha naye alikuwa amekwisha kuambiwa, na alikuwa akizungukazunguka chumba kama mtu anayetafuta waya ulioungua.

"Kata," alikuwa anasema. "Chukua mkasi, kata kuanzia hapa chini, libaki ua. Nani atajua?"

"Brighton ameiona. Mtemi ameambiwa kuna kitunguu," Penina akasema.

"Nani kamwambia?"

"Mimi. Sikumwambia nimekitoa wapi."

Nikamwambia aseme amechora kutoka kwenye kitabu. Akanitazama kama vile nimemtukana. Nikamwambia basi aseme alikikuta kimefukuliwa na nungunungu, wanyama wenye dhambi nyingi ambao hawatajitetea. Hapo alicheka kidogo, halafu akalia, na sikuwa nimewahi kumwona analia. Alisema hamwogopi Mungu wa mvua wala hamwogopi Mzee Ernest. Anaogopa kuja Mizengele kwa mama mkwe wake akapita njiani watu wakanyamaza. Ametoka kwao Bahi akaolewa ugenini, amejenga jina lake hapa kwa mikono yake, na sasa ataachiwa jina lingine, na wanawe wataachiwa.

Mkasi uliwekwa mezani karibu na picha. Elisha aliutoa kabatini na kuuweka. Tuliutazama wote watatu. Penina hakuugusa. Nilimkasirikia kwa hilo, na bado nimemkasirikia, ingawa nadhani kama angekata ningemdharau.

Siku ya ufunguzi ilifika na jua kali. Zile wiki mbili za kuingojea sikuwa nikilala vizuri, nami sikuwa nimechimba chochote. Kila nilipoona wingu nililiombea likae. Nilikuwa naomba mvua inyeshe kabla ya siku hiyo, ili watu wafurahi, wasahau, wasitazame picha kwa makini. Haikunyesha hata tone la kulowesha vumbi.

Ukumbi ulijaa, na hewa ilikuwa ya msiba. Wazee walikaa mbele, wanawake upande wa dirishani. Mtemi aliingia amevaa koti lake la kazini la zamani juu ya shuka, akasalimia kwa kilugha chetu, "Mbukwenyi," watu wakaitikia bila nguvu. Picha zilikuwa ukutani, kila moja imefunikwa kwa kipande cha khanga. Akawa anazifunua mwenyewe, moja baada ya nyingine, akitaja jina la mmea na kuuliza watoto walirudie. Watoto walirudia. Penina alikaa kati yangu na Elisha, ameshika mkono wangu chini ya khanga kwa nguvu hadi pete yake ikaniumiza.

Ya kumi na mbili ilipofunuliwa, watoto waliguna kwa sababu ya ule wekundu. Watu wazima walichelewa. Kisha nikamwona mama yangu akiinamisha kichwa kutazama sehemu ya chini, na mwingine akafanya hivyo, na kimya kikaanza nyuma ya ukumbi kikaja mbele.

Mzee Ernest alisimama. Ni mtu wa heshima, hakupaza sauti.

"Mtemi," akasema, "ua nimeliona, na majina nimeyasikia. Naomba nielimishwe. Hiki kilichoko chini kinakaa ndani ya udongo. Aliyekichora alikionaje?"

Mkono wa Penina ukaniachia. Akaanza kusimama. Nilimshika gauni, akalivuta, akasimama, akafungua kinywa.

"Kaa chini, mkwe," Mtemi akasema.

"Mtemi, naomba niseme."

"Nimesema kaa." Ile ilikuwa sauti yake ya vyooni, ya kukufanya ukumbuke hujafagia. Penina akakaa. Mtemi akamgeukia Mzee Ernest. "Nilichimba mimi."

Mzee Ernest akamkazia macho.

"Wewe, Mtemi?"

"Mimi. Nilitaka watoto waone kilichoko chini, si maua matupu. Nikachimba, nikamwita mkwe akachora, nikafukia. Kosa ni la kiti. Msimtafute mtu mwingine."

Nilitazama uso wa Penina, ukanitisha. Nilikuwa nimejiandaa kwa aibu na kwa kelele. Sikuwa nimejiandaa kuokolewa, na yeye pia hakuwa amejiandaa.

Wazee walitoka nje kuzungumza, wakarudi kabla uji wa wageni haujapoa. Walimtendea kwa adabu. Mzee Ernest alisema mtemi aliyeingiza mkono kwenye udongo hawezi kukaa kwenye kiti wakati watu wanangoja mvua. Kiti kitahifadhiwa na ukoo. Mzee Gerson aliitikia kwa kichwa, akaomba jambo moja tu, kwamba picha zisiondolewe ukutani. Wakamkubalia. Akachukua kofia yake akatoka kupitia mlango wa pembeni, na bustani ikafunguliwa bila mwenye bustani.

Tulimfuata nyumbani kwake, mimi na Penina. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki uani, anamenya karanga.

"Shikamoo, baba," Penina akasema, akapiga magoti.

"Marahaba. Inuka, unachafua nguo. Na usinishukuru, nimekukasirikia sana."

"Baba, nilichimba mimi."

"Najua ulichimba wewe! Mimi mgongo huu ninachimba nini? Nilikwambia usichimbe, kwa Kiswahili, sikukwambia kwa Kilatini. Ulichimba kwa nini?"

"Kwa kijiko, baba."

"Nimeuliza kwa nini, sikuuliza kwa nini... kwa chombo gani." Alikuwa amekasirika hadi anajikwaa. Akatupa maganda. "Mimi ndiye niliyekuingiza mle. Nikikupeleka shambani kwangu, nyoka akikuuma, nitasema hakuwa nyoka wangu? Sasa sikiliza. Wewe wangekuita mfunga mvua hadi unakufa, na watoto wako wakirithi. Mimi ni mzee, wataniita hivyo hadi inyeshe. Ikishanyesha watasahau, watanirudishia kiti changu, nami nitaendelea kuwagombeza. Hesabu ni rahisi. Nendeni nyumbani."

Njiani Penina alikuwa anatazama juu. Alisema sasa anaiomba mvua kwa mara ya kwanza maishani, anaiomba kwelikweli, kwa ajili ya mzee yule. Na mimi nikaomba naye, nikiwa bado nimekasirika.

Ilinyesha siku ya pili. Ilianza mchana, ikaja kutoka upande wa milima na upepo, ikapiga mabati hadi hatukusikiana. Ihumwa maji yalipita katikati ya miche yangu, nikawa nakimbiza viriba vyake vya plastiki huku nacheka. Nikampigia Penina. Nilisikia Nzuguni nako mvua inaunguruma kwenye simu, na yeye yuko nje, analia kwa furaha, anasema, "Wifi, imenyesha, imenyesha, watamrudishia."

Kisha mama yangu akapiga. Alikuwa anapiga vigelegele, nyuma yake kijiji kizima kinapiga vigelegele.

"Umeona, mwanangu?" akasema. "Umeona? Tumemtoa kwenye kiti jana tu, na leo hii inanyesha. Kumbe kweli alikuwa yeye."

Nilisimama na simu sikioni, maji yanapita miguuni. Ilinichukua muda kuelewa alichosema, na nilipoelewa sikuwa na moyo wa kumpigia Penina tena. Hesabu ya mzee ilikuwa na kosa moja. Alidhani mvua ingemsafisha. Lau ingechelewa mwezi mzima, wangesema si yeye, tutafute mwingine. Imenyesha mara tu alipoinuka, basi amehukumiwa, na hakuna rufaa juu ya mvua.

Penina hakukubali. Matope hayajakauka, alikwenda Mizengele kwa bodaboda, akaingia kwa Mzee Ernest, akamweleza yote: siku ya mazishi, kijiko, khanga, maji ya chupa. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, hakumkatiza hata mara moja. Kisha akamshika bega.

"Una moyo mzuri, mkwe wetu," akasema. "Yule mzee alikupenda, na wewe unamkingia kifua. Si kila mtu angefanya hivyo. Lakini mvua imekwisha kusema."

"Mvua haijasema kitu! Nimesema mimi!"

"Nimekusikia, mwanangu."

Akaenda kwa mama yangu, akamwambia. Akawaambia wanawake kisimani, akamwambia mchungaji wa pale kijijini. Wote walimsikiliza kwa upole, na kila aliyemsikiliza alimpenda zaidi. Sasa akipita Mizengele anasalimiwa kuanzia mbali. Mzee Gerson anapalilia bustani yake peke yake, na wanaopita njia ile hutazama upande wa pili.

Mlenda wa kwanza ulipochipua mashambani, Mzee Ernest mwenyewe alikuja Nzuguni na kapu lililojaa, shukrani ya kijiji kwa mkwe mwenye moyo. Penina alilipokea kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka. Jioni akaupika, na kwa mara ya kwanza uliiva vizuri. Elisha alikula, watoto walikula, mimi nilikula. Yeye alikaa nasi mezani hadi tukamaliza, mikono yake mapajani, hajanawa.